Ruzuku za Serikali kwa Barabara, Nishati na Michezo Mtwara na Lindi: Huduma Inayoishia Hatua Chache Kabla ya Mlango

Ruzuku ya serikali ni huduma kama huduma nyingine: ina mtoaji, ina masharti, ina muda wa kusubiri, na ina mtumiaji mwenye haki ya kusema imemfaa wapi na imempungukia wapi. Ninaandika tathmini hii nikiwa mjumbe wa kamati ya fedha na mipango ya kijiji kimoja cha uwanda wa Makonde, upande wa Newala, na ninachopima ni fedha za umma zinazotufikia kwa ajili ya barabara ndogo, umeme na nishati ya kupikia, pamoja na viwanja vya michezo na mapumziko. Mikopo ya asilimia 10 inayotolewa na halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu nimeiacha nje, kwa kuwa mkopo hurudishwa na ruzuku hairudishwi, na kila kimoja kinastahili kupimwa kwa mizani yake.

Hukumu yangu naitoa mapema. Fedha hizi zipo, zinafika, na katika miaka ya karibuni zimefika kwa wingi kuliko wakati wowote ninaoukumbuka. Kasoro yake kubwa ni moja, nayo inajirudia katika kila sekta: ruzuku hulipia sehemu kubwa ya safari, kisha huishia hatua chache kabla ya kumfikia aliyekusudiwa. Barabara hufika kijijini lakini haifiki kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika cha wakulima. Umeme hufika kwenye nguzo, na nyumba iliyo mita chache kutoka hapo hubaki gizani. Mtungi wa gesi hufika jikoni ukiwa umejaa, na ukiisha mama hurudi kwenye mkaa. Yeyote anayepanga bajeti za umma akiwa Dodoma angefanya vyema kuzitazama hizo hatua chache, kwa sababu ndizo zinazoamua kama fedha yote iliyotangulia imeleta faida au imelala.

Nianze na njia zenyewe za fedha, maana wengi huzichanganya. Mlango ulio karibu zaidi na kijiji ni Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ambao watu huuita kwa ufupi Mfuko wa Jimbo. Ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, na mgawo wa kila jimbo huzingatia idadi ya watu, hali ya umaskini na ukubwa wa eneo. Mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake, afisa mipango wa halmashauri ndiye katibu, na fedha hupitia akaunti ya halmashauri, ingawa bado wapo wanaodhani ni fedha ya mbunge mwenyewe. Kiasi chake si kikubwa, hivyo hufaa kumalizia kazi ambayo wananchi wameianza: mabati, saruji, nondo, mabomba ya kalavati. Kwa kazi za namna hiyo ninauhesabu kuwa ndio mfuko bora kuliko yote, kwa sababu ombi hutoka kijijini likiwa na muhtasari wa mkutano, na vifaa vinapoletwa kila mtu anajua viliombwa kwa ajili ya nini.

Kwa barabara za vijijini na mijini, mlango ni Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulioanza kazi Julai 2017 na kuchukua jukumu ambalo awali lilikuwa la kila halmashauri. Mabadiliko makubwa zaidi katika fedha zake yalitokea mwaka 2021, wakati Serikali ilipotoa shilingi milioni 500 kwa kila jimbo kwa ajili ya barabara, na bajeti ya mwaka wa fedha 2021/22 ikaongeza tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizo. Kwa maneno mengine, kila mwendesha bodaboda wa Kitangari anayejaza mafuta anaichangia barabara anayopita, na hilo linampa haki kamili ya kuuliza imetengenezwaje.

Sasa nizungumzie kalenda, jambo ambalo sijasikia likijadiliwa vya kutosha ingawa huku kwetu linaharibu mengi. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na Bunge hujadili bajeti kati ya Aprili na Juni, kwa hiyo vipaumbele vya vijiji hukusanywa miezi mingi kabla, kwa kawaida kuanzia Oktoba hadi mwishoni mwa mwaka. Kwa mikoa ya Mtwara na Lindi, hiyo ndiyo miezi ya korosho. Watu wako mashambani wanaokota, wanatenganisha korosho na mabibo na kuzianika, wengine wako kwenye foleni ya mizani, na masikio yote yako kwenye mnada kusikia bei ya wiki. Mkutano mkuu wa kijiji ukiitishwa katika kipindi hicho huhudhuriwa na wachache, akidi hutafutwa kwa shida, na mara nyingi vipaumbele vya mwaka uliopita hunakiliwa upya ili fomu zifike kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata kwa wakati. Utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambao ndio unaotakiwa kumpa mwananchi sauti katika kupanga, ni utaratibu mzuri. Umewekwa tu katika majira ambayo mwananchi wa kusini hana nafasi ya kukaa kikao cha siku nzima. Kijiji chetu kimeanza kufanya kikao cha vipaumbele mwezi Julai, kabla ya msimu, kisha muhtasari unatunzwa na mtendaji hadi fomu zitakapohitajika. Ni mabadiliko madogo yasiyogharimu chochote, na tangu tuyafanye majadiliano yamekuwa ya kweli.

Kalenda hiyo hiyo huisumbua kazi ya barabara. Mvua zetu ni za msimu mmoja, huanza kushika mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili. Kazi ya udongo inatakiwa ifanyike kati ya Julai na Oktoba, wakati ardhi ni kavu na kabla malori ya korosho hayajaanza kupita. Fedha ikichelewa robo ya kwanza ya mwaka, mkandarasi huingia kazini mvua ikiwa imeanza, na moramu anayomwaga huondoka kabla haijashindiliwa. Nimeona barabara ikichongwa vizuri, kwa greda na maji ya kushindilia, ikaendelea kupitika hata baada ya mvua kubwa, na nimeona nyingine ya kiasi kilekile cha fedha ikigeuka mfereji kwa sababu tu ilichongwa Januari. Mhandisi alikuwa yuleyule.

Kuna kalavati moja ambayo ningependa msomaji aione vizuri, kwa kuwa inaeleza tatizo lote kuliko maneno yangu. Ilijengwa kwa fedha halali, mabomba mawili ya zege yaliyolazwa sambamba, kuta za mawe pande zote mbili zikiwa zimenyooka, na tarehe ikaandikwa kwenye saruji mbichi. Kazi ya ujenzi haina dosari. Lakini mtaro wa kuyaingiza maji kwenye mabomba ulichimbwa kwa urefu wa hatua chache tu, kwa sababu ndivyo mchoro ulivyosema, na juu yake kuna mteremko wa mchanga mwekundu wa Makonde ambao hausimami ukilowa. Msimu wa kwanza bomba moja lilizibika hadi nusu. Msimu wa pili maji yalikosa pa kupita, yakapanda juu na kuanza kula bega la barabara nyuma ya ukuta, kiasi kwamba lori la magunia ya korosho sasa hulazimika kupita upande mmoja, dereva akiwa ametoa kichwa dirishani na utingo akiwa chini anampigia mkono. Vijana wenye majembe wangeweza kuuzibua mtaro ule kwa siku mbili. Hakuna kifungu kinachowalipa, hakuna aliyekabidhiwa, na kalavati yenyewe kwenye taarifa inasomeka kuwa mradi uliokamilika.

Hapo ndipo ninapoilaumu ruzuku ya barabara kwa jinsi ilivyopangwa. Inajua kulipia ujenzi na inajua kulipia matengenezo makubwa yanayohitaji mkandarasi, lakini haina njia nyepesi ya kukipa kijiji fedha kidogo ya kufyeka, kuzibua na kujaza mashimo mara mbili kwa mwaka. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, umewahi kuonyesha kuwa jambo hilo linawezekana, kwa kuwa katika ajira za muda kaya za walengwa hulipwa kwa kazi za mikono, zikiwemo za barabara za jamii, katika miezi ambayo chakula kimepungua. Kama sehemu ya fedha za matengenezo ingepita kwa mtindo huo, kwa mkataba wa kijiji na chini ya usimamizi wa fundi sanifu wa wilaya, kalavati nyingi zingeokoka, na fedha ingebaki mikononi mwa watu wanaoishi kando ya barabara hiyo.

Sitakuwa mwadilifu nisipotaja yaliyo mema. Mabango ya miradi sasa huonyesha jina la mkandarasi, chanzo cha fedha na muda wa mkataba, na pale kiasi cha fedha kinapoandikwa pia, mazungumzo ya watu hubadilika mara moja, kwa sababu hakuna anayebishana na namba iliyopakwa rangi kando ya njia. Zabuni zimehamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023, na ingawa mafundi wadogo wa wilayani walihangaika mwanzoni kujisajili, malalamiko kwamba kazi hugawanywa chini ya meza yamepungua katika vikao ninavyohudhuria. Ujenzi wa kiwango cha lami wa Mnivata hadi Newala na Masasi, kilomita 160 zinazogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, uko nje ya tathmini hii kwa kuwa ni kazi ya Wakala wa Barabara Tanzania, TANROADS, lakini umefanya udhaifu wa barabara za vijiji uonekane zaidi. Gari linatoka kwenye lami likiwa na mwendo, kisha linatumia muda mrefu zaidi katika kilomita chache za mwisho kuliko lilivyotumia njia nzima.

Kwa wanaoishi pwani, usafiri wa umma una sura nyingine. Kivuko cha MV Mafanikio kinachounganisha mji wa Mtwara na Msangamkuu, na kile cha MV Kitunda kinachovusha watu kati ya Lindi mjini na Kitunda, vyote vikiwa chini ya Wakala wa Ufundi na Umeme, TEMESA, ni mfano wa fedha ya serikali inayoonekana kila siku. Mwanafunzi, mama wa samaki na mgonjwa hupanda chombo kimoja kwa nauli ambayo mtu binafsi asingeikubali. Ninakipa kivuko alama ya juu kuliko barabara yoyote ya kijiji, kwa sababu chombo cha majini kikikosa matengenezo husimama na kila mtu hujua siku hiyohiyo; barabara hufa polepole, na hakuna anayeitangaza.

Kwenye nishati, kazi ya Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ndiyo mafanikio makubwa zaidi ninayoweza kuyashuhudia kwa macho. Wakala huo ulitokana na sheria ya mwaka 2005, ukaanza kazi mwaka 2007, na hadi sasa umeme umefikishwa katika vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara. Kazi iliyopo ni ya vitongoji, ambavyo ni 64,359, na mmoja kati ya miradi yake uligawa vitongoji 15 kwa kila jimbo. Gharama ya kuunganishiwa umeme kijijini ni shilingi 27,000, bei ambayo haifanani kabisa na gharama halisi ya nguzo, waya na mita. Anayekaa mjini na kulipa shilingi 320,960 kwa huduma hiyohiyo, nyumba yake ikiwa ndani ya mita 30 na bila kuhitaji nguzo, anaelewa ruzuku hiyo ina uzito gani.

Bei hizo mbili zimezaa ugomvi katika maeneo ambayo si mji na si kijiji. Pembezoni mwa Mtwara, Masasi na Newala kuna mitaa ambayo kwa ramani ni mji, lakini wakazi wake wanalima mihogo na mikorosho nyuma ya nyumba, na kipato chao hakitofautiani na cha mkulima wa kijijini. Kumtaka mkazi wa mtaa huo alipe karibu mara 12 ya anacholipa jirani yake wa ng'ambo ya mpaka ni kumhukumu kwa mstari uliochorwa ofisini. Kigezo kingetakiwa kiwe hali ya makazi yenyewe, na diwani na mtendaji wa mtaa wanaijua hali hiyo vizuri.

Lakini hata kwa anayelipa shilingi 27,000, hatua ya mwisho bado ni yake mwenyewe. Kabla mita haijafungwa, nyumba inatakiwa iwe imetandazwa nyaya na fundi anayetambulika, na gharama ya wayaringi kwa nyumba ya vyumba vitatu hufika laki kadhaa. Mkulima wa korosho anayo fedha hiyo kati ya Oktoba na Januari. Mkandarasi wa umeme akija Mei, hana. Hivyo nguzo husimama kwenye kona ya nyumba, waya hupita juu ya paa, na mwenye nyumba huendelea kuwasha taa ya sola ndogo. Kifaa cha Umeme Tayari, kinachojulikana kama UMETA, kilibuniwa kwa ajili ya mtu huyo hasa: ni ubao mdogo uliokwisha kuunganishwa swichi, soketi na kishikizo cha taa, unaofungwa kwenye nyumba ya chumba kimoja au viwili bila wayaringi. Bibi mmoja jirani yangu alifungiwa, na matokeo yake ni kwamba anauza barafu na kuchaji simu za watu. Kama ningepewa nafasi ya kupendekeza jambo moja tu katika mpango wote wa umeme vijijini, ningeomba vifaa hivyo viwe vingi, na vifungwe msimu wa mnada, fedha ikiwa ndani ya nyumba.

Nishati ya kupikia nayo ina hadithi inayofanana. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034, na katika kuutekeleza REA iligharimia mitungi ya gesi ya kilo 6 ipatayo 452,445 kwa bei ya ruzuku, sawa na mitungi 3,255 kwa kila wilaya. Mnunuzi alikwenda na kitambulisho chake cha Taifa, akauziwa mtungi pamoja na jiko lake kwa sehemu tu ya bei ya dukani. Ugawaji niliouona ulikwenda kwa utulivu na kina mama walifurahi kwa dhati. Ila ujazaji wa pili na wa tatu ni bei ya soko, na katika vijiji vyetu wakala wa gesi yuko makao makuu ya wilaya, hivyo juu ya bei ya gesi kuna nauli ya bodaboda ya kwenda na kurudi na mtungi ukiwa umefungwa nyuma kwa mpira. Mkaa unauzwa kwa kopo mlangoni, kwa kiasi chochote ulichonacho. Ruzuku iliyokusudia kubadili tabia ya kupika inapaswa kumsindikiza mpishi angalau kwa mwaka wa kwanza, kwa mfano kwa kupunguza bei ya kujaza tena kwa yule aliyesajiliwa siku ya kwanza, kwa kuwa namba ya kitambulisho chake tayari imo kwenye orodha.

Wageni hushangaa kusikia kwamba watu wa Mtwara, wenye gesi yao ya Mnazi Bay, wanalilia mitungi. Inafaa ielezwe. Gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, na ile ya Songo Songo iliyogunduliwa mwaka 1974 huko Kilwa, ni gesi asilia ambayo sehemu yake kubwa ni methani, na haijazwi kwenye mitungi ya kawaida ya nyumbani; husafirishwa kwa bomba. Gesi ya mitungi ni nyingine na huingia nchini kwa meli. Ili gesi asilia ifike jikoni inahitajika mtandao wa mabomba madogo mitaani, na Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC, limeshaunganisha nyumba kadhaa katika mji wa Mtwara, huku REA ikigharimia kazi ya namna hiyo katika eneo la Mnazi Mmoja mkoani Lindi. Ni mwanzo mzuri, na ni moja ya matumizi machache ya ruzuku yanayojibu moja kwa moja swali la wenyeji wananufaikaje na gesi hiyo, ambalo wakazi wa Mtwara waliliuliza kwa uchungu mwaka 2013, wakati wa mzozo wa bomba la kwenda Dar es Salaam. Ningependa pia halmashauri zinazopokea ushuru wa huduma kutokana na mauzo ya gesi zibandike kila mwaka, kwenye mbao za matangazo za vijiji, orodha ya kilichofanywa na fedha hiyo, ili mtu wa Madimba au Msimbati, jirani na gesi hiyo, asome kwa macho yake mwenyewe.

Michezo na mapumziko ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote, na nasema hivyo kwa masikitiko kwa sababu haihitaji fedha nyingi. Kwenye fomu za vipaumbele, uwanja huwekwa mwisho, chini ya zahanati, madarasa, maji na barabara, na hakuna anayeweza kulaumu mpangilio huo wakati darasa halina madawati. Fedha za michezo za kitaifa nazo, zikiwemo zinazotokana na sehemu ya kodi ya michezo ya kubashiri, huonekana zaidi katika timu za taifa na viwanja vikubwa kama ule unaojengwa Arusha kwa ajili ya AFCON ya mwaka 2027. Viwanja vingi vikubwa vya mikoani ni mali ya Chama Cha Mapinduzi, jambo linaloiwia halmashauri vigumu kuvitengea fedha ya umma. Hata hivyo Ruangwa imeonyesha kuwa uwanja mmoja mzuri unaweza kubadilisha jina la wilaya. Namungo, inayocheza kwenye Uwanja wa Majaliwa, ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20 na kufika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika msimu uliofuata, na siku ya mechi mama lishe na wenye nyumba za wageni wa Ruangwa hupata riziki ambayo haikuwepo.

Kijiji hakihitaji uwanja wa namna hiyo. Kinahitaji eneo ambalo hakuna atakayelipanda mihogo. Kwetu kiwanja cha mpira ndicho kiwanja cha kila kitu: vijana hucheza jioni, wasichana wana upande wao wa mpira wa pete, ngoma za kutoka jandoni huchezwa hapo baada ya mavuno, na mkutano wa kijiji hukaa chini ya mwembe ulio pembeni. Halmashauri yetu iliwahi kutupatia magoli ya chuma kwa mapato yake ya ndani, ambayo kwa sehemu kubwa hutokana na ushuru wa korosho wa asilimia 3, na tunaishukuru. Lakini mipaka haikupimwa. Upande wa kusini mikorosho ya mtu imesogea hadi nyuma ya goli, kona moja haipigiki bila mpigaji kuinama chini ya tawi, na mwenye miti anasema, kwa haki kabisa, kwamba hakuna karatasi inayomwonyesha kuwa amevuka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakiruhusu kijiji kutenga ardhi ya matumizi ya jamii kupitia mkutano mkuu, na mpango wa matumizi bora ya ardhi ungemaliza ubishi. Gharama ya kupima na kuweka mawe ya mipaka ni ndogo, lakini hakuna ruzuku niijuayo inayoikubali kama mradi, kwa kuwa jiwe la mpaka halipendezi kwenye picha ya uzinduzi.

Kwa Mikindani na Kilwa mambo ni tofauti kidogo, maana pale mapumziko yameungana na urithi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yako kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, na fedha yoyote inayowekwa kwenye gati au njia ya miguu hurudi kupitia wageni. Hilo linahitaji tathmini yake peke yake.

Mfano wa ruzuku iliyovuka hatua ya mwisho tunao hapahapa. Salfa na viuatilifu vingine vya korosho, ambavyo Bodi ya Korosho imekuwa ikivigawa bure, hufuata daftari la wakulima: kila mkulima ameandikishwa, idadi ya miti yake imeandikwa, na mgawo wake hufika kwenye chama cha msingi akausaini. Zipo kasoro, yapo majina yaliyorudiwa na yapo malalamiko ya kuchelewa, lakini mfumo unamjua mtu wa mwisho kwa jina. Umeme, gesi ya kupikia na matengenezo ya barabara vingeweza kutumia daftari la namna hiyo, na makarani wa kuliandika tayari wapo vijijini.

Kwa kijiji kinachojiandaa kuomba fedha za mwaka ujao, ushauri wangu ni wa vitendo. Ombeni kitu kimoja kilichokamilika kuliko vitatu nusu nusu. Kwenye andiko la kalavati, andikeni pia urefu wa mtaro na nani atauzibua. Kwenye ombi la umeme wa kitongoji, ambatanisheni orodha ya nyumba zilizokwisha kufanya wayaringi na zile zinazohitaji UMETA, ili mkandarasi asiondoke akiwa ameunganisha tatu. Kwa uwanja, pelekeni kwanza azimio la mkutano mkuu kuhusu mipaka. Na nguvu za wananchi zisiachwe hewani: kila tripu ya mchanga, kila lundo la kokoto na kila siku ya kuchimba msingi iandikwe siku hiyohiyo na mtendaji, ithaminiwe na fundi wa halmashauri, na isainiwe na wote wawili, kwa sababu mchango usio na saini haumo kwenye hesabu ya mradi, na kamati ya jimbo huwa inauliza karatasi hiyo kabla ya kufungua faili.